Mbogo wa Moseley

Nimezaliwa Kenya, nimekulia Kenya, na nilifika umri wa miaka hamsini na miwili bila kukutana na mbogo ana kwa ana. Niliyekutana naye mwishowe alikuwa Moseley, hapa Birmingham, nyuma ya nyumba ya matofali mekundu, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ua wa jirani. Kusema kweli hakuwapo. Lakini kwa wiki sita nilimnyatia kila asubuhi, nikiwa nimevaa aproni ya plastiki na glavu za kazini, na mtu aliyenifanya nimnyatie alikuwa na miaka tisini.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nakaa Northfield, na kila Jumatatu hadi Ijumaa nilipanda mabasi mawili kwenda kwa Singasinga mmoja mzaliwa wa Nakuru, aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma. Nilimwita Mzee, naye aliniita Mama, ingawa angeweza kunizaa na miaka ikabaki. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani na karakanani, kisichojua ngeli hata moja: kila kitu “iko”, na kila mtu “nakwenda”. Mimi ni mkali kwa Kiswahili kibovu, muulize yeyote kanisani kwetu. Cha Mzee nilikipenda kuliko muziki.

Asubuhi tulianza na kilemba. Kitambaa chake kilikuwa kirefu kutoka sebuleni hadi jikoni, na lazima mtu mmoja ashike ncha huku mwingine anakunja. Nilishika ncha, nikavuta, naye akakunja akinigombeza kwamba navuta kama mtu anayefunga mbuzi. Hapo ndipo aliponisimulia mambo ya kazi yake.

Mzee alikuwa fundi wa bunduki. Alianza Nairobi, akamalizia katika karakana moja upande wa Aston, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuona parafujo bila kuikaza. Milango yote ya nyumba ile ilifunguka kwa shida kwa sababu hiyo. Bunduki alizozijua kupita zote ni zile za wenzo. Chini ya kifyatulio kuna chuma kilichopinda kama mkono wa kikombe. Unakishusha kwa vidole na kukipandisha, ganda la risasi iliyokwisha kutumika linaruka nje, na risasi mpya inapanda mahali pake. Fundi mzuri anapiga tano haraka haraka bila kuondoa kitako begani. Ila nyingi ya bunduki hizo, alisema, zilitengenezwa kwa ajili ya wanyama kama swala na kulungu.

“Mbogo napigwa na hii, yeye nasema asante,” aliniambia. “Halafu yeye nakuja.”

Ndani ya nyumba hapakuwa na bunduki, na naomba jambo hilo likumbukwe, maana baadaye lilizua balaa. Kulikuwa na fimbo ya kuokotea vitu aliyopewa na hospitali ili asiiname: mwisho mmoja una meno mawili ya plastiki, mwingine una mpini wenye wenzo wa kubinya. Ukibinya, meno yanafumba na kunasa soksi iliyoanguka. Mzee aliipokea, akaibinya mara tatu karibu na sikio, akasema aliyeitengeneza hana adabu. Akaifungua yote juu ya meza, akaipaka mafuta ya haradali, akaifunga tena. Tangu siku hiyo ilifanya kazi kimya kimya, na tangu siku hiyo hakuokota nayo soksi hata moja.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameagiza Mzee atembee hatua ishirini kila siku. Kwa miezi mitatu Mzee alikataa. “Mimi nakwenda wapi?” aliuliza. Basi asubuhi moja mwishoni mwa baridi, akiwa na kikombe cha chai dirishani jikoni, akashusha kikombe taratibu.

“Mama. Usisonge.”

Nilidhani ni panya. Nje kulikuwa na jiko la kuchomea nyama, mali ya binti yake wakati alipokuwa akiishi hapo, limefunikwa turubai jeusi. Upepo uliingia chini ya turubai, likavimba mgongoni, likatulia.

“Mbogo,” alisema. “Iko na risasi ya tumbo. Hii nalala, nangoja mtu.”

Nilimwambia amalize chai. Yeye alikuwa ameshika fimbo yake na kuelekea mlangoni, na kabla sijapata viatu vyake alikuwa amevuka jikoni lote kwa miguu yake. Nilihesabu hatua. Zilikuwa kumi na nne, bila mtu kumshika. Mwenye akili timamu angefanya nini? Mimi nilimfungulia mlango.

Ndivyo nilivyokuwa mwindaji. Kila siku baada ya kilemba tulitoka. Mzee alitangulia, mimi nyuma nikishika mshipi wake wa kiunoni. Kwanza alirusha poda ya mtoto hewani kuona upepo unakwenda wapi, kwa sababu mbogo akipata harufu yako shauri limekwisha. Poda nusu ilitua kwenye kilemba na nusu kwenye miwani yangu. Kisha tukazunguka kwa kuambaa ua, yeye akishusha na kupandisha wenzo wa fimbo kwa vidole viwili, hadi kufika kwenye mapipa ya taka, ambapo kila siku aliamua kwamba mahali pale ni pabaya kwa kupiga. Tulirudi. Hatua ishirini zikawa arobaini, arobaini zikawa sitini. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, akamwona anavyotembea, akanipongeza. Sikumwambia siri.

Jambo lililonikosesha raha lilikuwa binti. Aliishi London, alimpenda baba yake, na alichoka kuamka akiwaza kwamba mzee, mimi nikishaondoka, yuko peke yake mchana kutwa. Alikuwa amekwisha kutafuta nafasi katika makao ya wazee karibu na kwake. Tulikubaliana hivi: akili ya Mzee ikibaki sawa, atabaki nyumbani, ikionekana anaweza kujidhuru, atahamishwa. Mzee mwenyewe alikuwa na neno moja tu. “Mke yangu nakufa hapa. Mimi pia nakufa hapa.” Baba yangu mimi alifariki Nyeri, na saa aliyofariki nilikuwa Birmingham nikimnawisha baba wa mtu mwingine. Kwa hiyo niliapa kwamba huyu hatang'olewa mahali pake, hata kama ningelazimika kuwinda tembo.

Jumamosi na Jumapili alishika zamu kaka mmoja Mkongomani wa kutoka Bukavu, mtu mpole mwenye bidii. Ofisi ilitaka tuandike taarifa kwa Kiingereza kwenye simu, lakini yale ya maana tuliachiana kwa Kiswahili katika daftari juu ya friji. Ijumaa moja niliandika: “Mzee anasema kuna mbogo bustanini. Asitoke peke yake.” Niliandika kwa haraka, basi langu lilikuwa linakaribia, na o yangu ya mwisho haikufunga vizuri.

Jumatatu nilimkuta Mzee anang'aa kama bwana harusi. Magoti yake yalikuwa na udongo. Turubai lilikuwa chini, na jiko lilikuwa limelala ubavu. Nikampigia kaka simu.

“Mama, wee uliandika mboga iko mu jardin,” alisema. “Mi nikasema, ah, muzee anataka mboga yake. Tukatafuta masaa mbili. Tulipiga magoti. C'est bien pour le moral, inamupatia moyo.”

“Niliandika mbogo.”

“Mbogo ni nini?”

“Mnyama. Mkubwa, mweusi, ana pembe.”

“Nyati,” akasema kwa sauti ndogo. “Sasa naelewa juu ya nini alikuwa ananiambia nisipumue.”

Kumbe Mzee alimwona kaka yule kuwa mwindaji wa kwanza shujaa kufika nyumbani kwake. Mimi na yeye kila siku tuliishia kwenye mapipa. Kaka, akitafuta sukuma wiki, alitambaa moja kwa moja hadi penye jiko bila woga hata chembe. Mzee alimfuata, akabinya wenzo, meno yakanasa turubai, na wote wawili wakavuta.

Ningecheka, lakini kaka alikuwa ametimiza wajibu wake wote. Ofisini tumefundishwa kuandika maneno ya mteja kama alivyoyasema. Mzee alikuwa ameiita fimbo yake bunduki. Basi kwenye simu, kwa Kiingereza safi, kaka aliandika kwamba mteja alichukua bunduki yake akatoka bustanini kutafuta mboga.

Saa tatu asubuhi msimamizi wetu alinipigia. Aliuliza kama mteja ana bunduki. Nikasema ana fimbo ya kuokotea. Aliuliza kwa nini anatishia mboga. Nikasema hatishii mboga, na hapo nikakwama, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa baya zaidi. Nikamsikia akiandika. Kisha akasema afisa wa tathmini atakuja Alhamisi, na binti amekwisha kuarifiwa.

Siku tatu zile nilimfundisha Mzee kama mtoto wa mtihani. Nilimuuliza jina la mtaa, siku ya wiki, dawa zake. Alipata zote. Kisha nikafika penye shida.

“Mzee, Alhamisi hakuna mbogo.”

“Mbogo najua Alhamisi?”

“Hata akiwapo, wewe humwoni. Unanielewa? Ukimtaja, wanakuhamisha.”

Alikuwa anaelewa vizuri sana, na hilo ndilo lililonitia uchungu. “Sawa, Mama,” alisema. “Mimi nafunga mdomo.” Nikalirudisha turubai juu ya jiko na kulifunga kwa kamba ya viatu, maana binti hapendi jiko lishike kutu, na huo ulikuwa ujinga wangu mkubwa kuliko wote.

Afisa alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na saba, mwenye sura ya kwetu kabisa, lakini alisalimia kwa Kiingereza cha hapa na mimi nikajibu kwa Kiingereza, nikafikiri yameishia hapo. Aliketi jikoni na karatasi zake. Mzee alikuwa amevaa koti na kilemba cha bluu, na alijibu kila swali kama wakili. Uko wapi? Moseley. Ukitaka kwenda mjini? Basi namba hamsini. Waziri mkuu ni nani? Mzee akasema wanabadilishwa mno, amwambie kwanza wa leo. Msichana akacheka na kuandika.

“Na hii fimbo anaitumia?”

“Kila siku,” nilisema. “Sijaona mteja anayeitumia kwa bidii namna hii.”

Alikuwa anafunga kalamu. Naapa alikuwa anafunga kalamu. Ndipo upepo ukaja, kamba ya viatu ikafunguka, na turubai likainuka polepole upande mmoja, kama mnyama anayesimama kwa miguu ya nyuma. Fimbo ikapanda begani. Vidole vikashusha wenzo.

“Mama,” Mzee alinong'ona. “Mbogo nasimama.”

Msichana alitutazama. Aliuliza kwa Kiingereza Mzee amesema nini.

“Anauliza mboga,” nilisema. “Mboga za chakula cha mchana.”

“He said mbogo, Auntie,” alijibu msichana. “Not mboga.”

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Kumbe wazazi wake ni watu wa Nakuru vilevile. Kiswahili alikielewa chote, ila hakuwahi kupenda kukisema mbele ya watu. Nilisikia uso wangu ukiwaka. Lakini yeye hakunigombeza. Alimgeukia Mzee, akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi, akasema: “Mbogo iko wapi?”

Hapo yakatokea mazungumzo ambayo mwalimu wangu wa Kiswahili angezimia kuyasikia. Hawa wawili hawakuwa na ngeli moja kati yao, na walielewana kuliko nilivyoelewana na Mzee kwa wiki sita. Msichana alimuuliza swali ambalo mimi, hodari wa kushika mshipi, sikuwahi kuliuliza. Alimuuliza nani alimpiga mbogo risasi.

Mzee akaweka fimbo mapajani. Alisema alikwenda kuwinda mara moja tu maishani. Mteja mmoja, mzungu mwenye shamba, alikuwa na bunduki ya wenzo na hamu ya kuua mbogo. Mzee, kijana wakati huo, alimwambia hii ni ya kulungu. Mzungu akasema basi njoo, uwe karibu kama itakwama. Risasi ya kwanza ilimpata mbogo tumboni. Wenzo ukashuka, haukupanda. Ulikwama kwa parafujo moja, na parafujo hiyo aliikaza Mzee mwenyewe, jana yake, kupita kiasi. Mbogo akaingia msituni na jeraha lake. Sheria ya uwindaji ni kwamba hapo humwachi, unamfuata ummalize. Lakini jioni ilikuwa imekaribia, na mzungu akasema watamfuata kesho.

“Asubuhi mama moja nakwenda kuokota kuni,” Mzee alisema. “Mbogo nangoja pale.”

Birika la umeme likajizima lenyewe.

“Mimi nauliza jina ya ile mama,” alisema. “Mimi nauliza watu wote. Hapana mtu nasema.”

Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa akitazama nje, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Shuka zake nilizozifua zilikuwa zinapepea pale, hatua tano kutoka kwenye turubai. Alizitazama shuka, akanitazama mimi, akazitazama tena. Kisha akamuuliza msichana, kwa upole, kama kweli amekuja kumtoa. Msichana alisema bado hajui.

“Mbogo nafuata mtu alimpiga,” Mzee alisema. “Mimi nakaa hapa, yeye nakaa hapa. Huyu Mama kila siku naanika nguo pale. Mimi nazeeka, mkono natetemeka. Mimi nakosa, yeye napiga Mama.” Akagusa karatasi za msichana. “Andika. Mimi nakwenda. Yeye nafuata mimi.”

Nikawa mbogo mimi. Nilimwambia hakuna mnyama pale, kuna jiko la bati la kuchomea nyama, nitalitupa leo hii, nitaanika nguo ndani mpaka nife. Nilimwambia mkewe alifia katika nyumba hii. Aliniacha niseme yote. Kisha akanipapasa mgongo wa mkono na kusema, “Wewe hajui mbogo, Mama.”

Msichana aliniomba nimsindikize hadi mlangoni. Karatasi zilikuwa mkononi mwake, na akanionyesha mahali alipokuwa ameandika kabla ya upepo. Alikuwa ameandika abaki. Alisema angeweza kuacha hivyohivyo, hata sasa, hata na mbogo wake, kwa kuongeza saa za mchana. Lakini mwenye nyumba ameamua, na ameamua akiwa na akili zake. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniaga kwa Kiswahili.

Binti alikuja Jumapili ya pili yake na gari. Mimi haikuwa zamu yangu, nilikwenda tu. Kilemba tulikifunga mimi na yeye kama kawaida, na hakunigombeza kuhusu kuvuta. Nilipomletea kitembezi cha magurudumu alikikataa. Alisimama sebuleni akageuza uso kuelekea jikoni, fimbo kifuani, akaanza kutoka nyumbani kwake kinyumenyume.

Huwezi kumpa mbogo mgongo, alisema. Lazima akuone unaondoka, ndipo akufuate. Basi tulipita ukumbini, tukapita picha za mkewe, tukavuka kizingiti na kushuka ngazi mbili, yeye akiangalia nyuma ya nyumba kupitia milango yote tuliyoiacha wazi, mimi nyuma yake nikishika mshipi na kumwambia wapi pa kukanyaga. Binti alisimama kando ya gari, mkono mdomoni. Jirani aliyekuwa anaosha gari lake alizima maji.

“Mama, wewe kaa nyuma yangu,” alisema. “Usitoke.”

“Niko nyuma yako, Mzee.”

Kwenye lango alisimama. Alikuwa anahema, na mikono yake ilitetemeka kama alivyosema. “Nakuja?” aliuliza.

Kazini tumefundishwa tusikubali kamwe mteja anapoona kisichokuwapo, na kwa wiki zote zile, pamoja na poda na kunyata kwangu, sikuwahi hata mara moja kusema kwamba namwona. Nilitazama ndani ya nyumba, ukumbi mtupu, jikoni, mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

“Anakuja, Mzee,” nilisema. “Anakufuata wewe.”

Akashusha fimbo. Aliingia garini, akafungiwa mkanda, akaniashiria kwa kidole nisogee ukutani nipishe njia. Nikasogea, nikabana mgongo kwenye matofali. Gari likaondoka taratibu, na mimi nikabaki pale, mzima, bila jeraha, nikilia.